Kumwagilia Zege

Kazi yangu haikuwa na cheo.
Waliofunga nondo waliitwa mafundi,
waliopima waliitwa mainjinia,
mimi niliitwa "Wewe wa maji!"
nami niliitika.

Zege, aliniambia Kilasara msimamizi,
halikauki: linaiva.
Siku saba usiliache na kiu,
alfajiri, adhuhuri, jioni,
ulinyweshe kama ndama aliyefiwa na mama.
Nikalinywesha.
Nilitandaza magunia juu ya jukwaa,
nikavuta mpira kutoka kwenye boza,
na magunia yakanukia
kama ghala la mtama lililovujiwa.

Oktoba ile, pembezoni mwa Dodoma,
upepo ulikuja umebeba viwanja vya watu:
vumbi la vilivyopimwa, vumbi la vilivyouzwa mara mbili,
bikoni zenye namba nyekundu,
nyumba za nusu, nondo zimesimama utosini.
Palipokuwa na zabibu za mzee Chidawali
pana saluni, pana duka la vioo,
pana mtu anauza milango
kwa watu wasio na kuta bado.
Wote walihamia kabla ya bomba.
Maji yalikuja kwa pikipiki,
dumu mia tano, Jumapili mia saba.

Siku ya kuandika jina la kituo
Mhina, mchoraji, mtu wa Korogwe,
alipanda ngazi na kopo la buluu.
Herufi saba: MALENGA.
Akashuka, akarudi nyuma, akacheka.
"Kumbe huku watunzi ni wengi
hadi wajengewe stesheni?"
Mama yangu alikuwa ameniletea ugali wa uwele.
Akamwambia, "Baba, kwa Kigogo
malenga ni maji."
Mhina akalitazama korongo kavu,
akalitazama boza,
akaufunga mfuniko wa kopo taratibu
kama anayefunga mdomo wake mwenyewe.

Siku ya tano ya jukwaa la pili,
jua limekaa juu ya mabati halitaki kuaga,
mama alikuja tena, akasimama nje ya uzio.
Hakuomba. Ndahani binti Mazoya hajui kuomba,
anajua kusimama.
Alilishika dumu kwa kidole kimoja,
jinsi mtu anavyoshika kitu chepesi mno.

Nikalitazama zege. Nikamtazama mama.
Boza lilikuwa limefika kwenye maji ya kukohoa.
Nikaupenyeza mpira kwenye waya wa uzio
na dumu likaimba, sauti nene,
kisha nyembamba,
kisha likashiba.
Pembe moja ya jukwaa, karibu na nguzo ya nne,
ililala na kiu.

Wiki ya pili ufa ukatokea,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Kilasara akachutama, akaupitisha ukucha.
"Joto," akasema. "Nchi hii ina joto."
"Ndiyo," nikasema, "joto."
Akauziba kwa saruji. Ukarudi.
Akauziba tena, akaandika kitu kwenye daftari,
na ukarudi.

Sasa treni ya mjini inasimama Malenga dakika mbili.
Wanashuka makarani wenye viatu vya asubuhi,
wanafunzi wa uuguzi, bwana mmoja
mwenye jogoo anayechungulia mfukoni;
wanaukanyaga ufa, hawauoni,
nao unawavumilia wote.

Mimi nauruka.
Si kwa aibu, na sijui kama ni kwa heshima.
Ni kwamba kina chake nakijua:
lita ishirini.
Jioni ile tulipika maharage yakaiva,
tukaosha sufuria hadi nje,
na yaliyobaki, vikombe viwili hivi,
mama aliketi kizingitini, akafungua kilemba,
akaosha nywele.